Wanafunzi Watatu na Mgongo wa Mwalimu

Mwenyekiti, wazee wangu, dada na kaka zangu, habari za jioni.

Nilipoombwa kuzungumza leo nilipewa swali moja fupi: kati ya wanafikra walio hai, ni akina nani watakaoendelea kusomwa na vizazi vijavyo? Nikasema moyoni, hili jepesi. Nina daftari ambalo kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika majina ya watu wa namna hiyo, kila mstari jina. Juzi nikalifungua ili nichague. Ndugu zangu, daftari lilikuwa limegeuka orodha ya marehemu. Paulin Hountondji, Februari 2024. Daniel Kahneman, Machi mwaka huohuo. Daniel Dennett, Aprili. Ukaja 2025: V. Y. Mudimbe akatutoka Aprili, na Mei ikawachukua Alasdair MacIntyre na Ngũgĩ wa Thiong'o, wakipishana juma moja tu. Kwa hiyo hao nitakaowataja jioni hii, namwomba Mwenyezi Mungu awaache walau mpaka niteremke jukwaani.

Nikalifunga daftari, nikageuza swali. Je, waliotutangulia walipobashiri nani atasomwa baada yao, walipatia? Ndipo nilipoangukia mji mmoja mdogo wa Ujerumani uitwao Jena, na mtanivumilia kwa sababu nitakaa hapo kidogo.

Naomba mkono wa yeyote aliyewahi kusoma kitabu cha Rudolf Eucken. Simwoni mtu. Mzee wangu pale mbele unajikuna au umenyoosha? Haya, hakuna. Eucken alikuwa profesa wa falsafa Jena tangu 1874, na mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel. Ilikuwa ya Fasihi, maana falsafa haina Nobel yake. Watu walimsoma, walimwalika, walimtafsiri. Leo hata wanaofundisha falsafa humjua kama jibu la chemshabongo.

Katika chuo kilekile, tangu mwaka uleule wa 1874, alikuwapo mwalimu wa hisabati aliyeitwa Gottlob Frege. Mwaka 1879 alichapisha kijitabu kilichojaa alama alizozibuni mwenyewe, mistari inayotambaa ukurasani kama mizizi ya mti. Waliokisoma wakati huo walikuwa wachache, na waliokielewa wachache zaidi. Rudolf Carnap, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanafalsafa mkubwa, alikuwa mwanafunzi pale, na amesimulia darasa la Frege la mwaka 1913 lilivyokuwa. Wanafunzi walikuwa watatu. Carnap mwenyewe, rafiki yake, na meja mmoja mstaafu wa jeshi aliyependa hisabati kujiburudisha. Frege hakuwa akiwatazama. Walichokiona ni mgongo wake, naye ameelekea ubaoni anachora mistari yake na kuieleza.

Sasa, mantiki yote inayofundishwa leo vyuoni, na sehemu kubwa ya falsafa ya lugha, inaanzia kwenye ule ubao. Niwape mfano mmoja mje mnielewe. Nikisema, “Kila mwanafunzi amesoma kitabu kimoja,” nimesema nini? Ni kitabu hichohicho kimoja wamekisoma wote, au kila mmoja amesoma chake? Mantiki ya Aristotle, iliyotawala kwa zaidi ya miaka 2,000, haikuwa na njia safi ya kuzitenganisha maana hizo mbili. Mistari ya Frege iliweza. Ni jambo dogo ukilitazama, lakini bila hilo huwezi kuandika kwa ukamilifu hoja hata moja ya hisabati.

Waswahili tuna msemo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi ni mtu wa methali, lakini hii naomba niipinge leo. Cha Frege kilikuwa chema na hakikujiuza. Kilikaa rafuni. Kilichokitoa rafuni ni barua ya mtu aliyekuja kukibomoa. Juni 1902, Bertrand Russell, kijana wa Kiingereza wa miaka 30, alimwandikia Frege kwamba ameisoma juzuu ya kwanza ya kazi yake kuu, ameipenda, ila kuna mahali pamemtatiza. Akaliweka tatizo kwa maneno machache: chukua kundi la makundi yote yasiyojijumuisha yenyewe. Je, kundi hilo limo ndani ya lenyewe? Ukisema limo, halimo. Ukisema halimo, limo. Jengo zima la Frege lilisimama juu ya kanuni iliyoruhusu kundi la namna hiyo. Juzuu ya pili ya kazi hiyo ilikuwa iko kwa mpiga chapa. Frege alijibu kwa uungwana ambao Russell aliusifu mpaka uzeeni, akaongeza kiambatisho mwishoni mwa juzuu kueleza kwamba msingi umetikisika. Mwaka uliofuata Russell akachapisha kitabu chake, na ndani yake akatenga kiambatisho kirefu cha kuwaeleza watu Frege ni nani na amefanya nini. Aliyembomoa ndiye aliyemtembeza.

Kabla sijaondoka Jena, yuko wa tatu. Zaidi ya miaka 130 kabla ya hao wawili, mnamo 1740, alifundisha pale Anton Wilhelm Amo, mtoto wa Axim, pwani ya Ghana ya leo, aliyepelekwa Ulaya akiwa mdogo na kukulia katika nyumba ya mtawala wa Wolfenbüttel. Mwaka 1734 alitetea tasnifu Wittenberg kwamba akili ya binadamu haina hisi, kwamba kuhisi ni kazi ya mwili ulio hai. Alipigana na mwanafalsafa Mfaransa Descartes kwa Kilatini kilichonyooka. Kisha akarudi Afrika, na Ulaya ikamsahau kwa karibu miaka 200. Tasnifu ile ipo, tunaisoma. Lakini miaka mitano kabla yake, katika chuo cha Halle, alikuwa ameandika nyingine, juu ya haki za watu weusi walioko Ulaya. Hiyo imepotea. Nikiruhusiwa kufufua karatasi moja tu iliyopotea duniani, sitaifuata maktaba ya Aleksandria, nitaifuata hiyo.

Watu watatu, mji mmoja. Mmoja alivikwa taji akafifia. Mmoja alipuuzwa akavikwa taji. Mmoja alisahauliwa akakumbukwa nusu, nusu nyingine imekwenda na maji. Mshairi wetu Muyaka bin Haji alifariki 1840, na diwani yake ikachapishwa 1940, miaka mia kamili baadaye, kwa kuwa kuna watu walioyashika mashairi yake vichwani, na Mwalimu Sikujua akayaandika, na mmisionari William Taylor akayahifadhi. Ingevunjika shanga moja tu katika huo mkufu, leo tungekuwa na jina na mistari miwili ya kubahatisha. Kwa hiyo anayeniuliza nani atabaki, kwanza namuuliza: nani anamshika?

Hapo nikapata kipimo changu. Si kizuri sana, lakini ndicho nilicho nacho. Mwanafikra husomwa na wasiomjua pale anapoacha kitu kinachowapa kazi. Akiacha majibu tu, majibu yakikubalika yanakuwa mali ya wote na jina linadondoka. Yakikataliwa, yanadondoka yote mawili. Lakini akiacha chombo, au fumbo, au kosa lenye rutuba, hata adui yake atalazimika kupita mlangoni kwake. Eucken, ninavyomsoma mimi, aliacha hekima. Hekima kila zama hujipikia yake.

Tena tutenganishe kusomwa na kutumiwa, kwa sababu watu wengi hukwama hapa. Andrew Wiles yuko hai. Alithibitisha kauli ya Fermat iliyokuwa imesumbua wanahisabati tangu karne ya 17, na uthibitisho wake ulichapishwa 1995, kurasa zaidi ya mia moja. Jina lake halitafutika. Lakini ni wangapi watafungua zile kurasa? Roger Penrose, Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier, wote wa Nobel za 2020, kazi zao zitafanya kazi kila siku mikononi mwa watu ambao hawajasoma hata aya moja waliyoiandika. Geoffrey Hinton na mitandao yake ya neva, ile ya kompyuta zinazojifunza, vilevile. Mwanafunzi wa fizikia hafungui makala za Einstein za 1905, anafungua kitabu cha mwaka huu kilichozimeza. Mwanasayansi akifanikiwa sana humezwa. Si dharau hiyo, pengine ndiyo heshima ya juu, ila jioni hii nimeulizwa wa kusomwa, si wa kumezwa.

Haya, majina. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, kwa hiyo msishangae mkiona nimevutia kwangu.

Naanza na mwanaisimu Noam Chomsky, aliyezaliwa 1928. Tuiache siasa yake, ambayo naona itazeeka pamoja na magazeti iliyoyajibu. Nazungumzia kijitabu chake cha 1957. Humo alitoa sentensi moja maarufu, ambayo kwa lugha yetu ingekuwa hivi: “Mawazo ya kijani yasiyo na rangi yanalala kwa hasira.” Haina maana hata kidogo. Lakini sikilizeni jinsi masikio yenu yalivyotulia: mawazo ya, yasiyo, yanalala, kila kiambishi kimekaa mahali pake. Sasa niigeuze kinyumenyume: “Hasira kwa yanalala rangi na yasiyo kijani ya mawazo.” Mmeona nyuso zenu? Wakati ule hakuna aliyekuwa amewahi kusikia hii wala ile. Kwa kuhesabu mara ambazo zimesikika, zote ni sifuri. Hata hivyo kila mtu anajua ipi ni ya lugha na ipi si ya lugha. Basi, akasema, kuna kitu kichwani mwa msemaji ambacho hakitokani na kukariri alichosikia.

Hoja hiyo imepigwa kila upande. Mwaka 2005 mwanaisimu Daniel Everett alitoka msituni Amazon akadai kwamba lugha ya Wapirahã haina kile Chomsky anachokiona kuwa kiini cha lugha zote, uwezo wa kutia sentensi ndani ya sentensi. Na siku hizi kuna mashine zinazosoma maandishi kwa mabilioni na kutoa sentensi zenye upatanisho safi, na baadhi ya watu wanasema, basi, hesabu zimeshinda. Mwaka 2023 Chomsky na wenzake wawili waliandika gazetini kupinga. Mimi sijui atakayeshinda, na kwa swali la leo si hoja. Atakayetaka kueleza mashine zile zimefanya nini na hazijafanya nini, itambidi arudi kwenye ile sentensi ya mawazo ya kijani. Tena kuna ngazi za sarufi alizozipanga miaka ya 1950, ambazo kila mwanafunzi wa kompyuta hukutana nazo anapojifunza jinsi lugha za programu zinavyochambuliwa. Hata isimu yake yote ikianguka, ngazi hizo zitabaki zimeegeshwa ukutani.

Wa pili nitakaa naye zaidi, kwa sababu ndiye dau langu kubwa: mwanauchumi Amartya Sen. Mwaka 1943, wakati baa la njaa lilipoikumba Bengal, jimbo la Uhindi ya wakoloni ambalo leo limegawanyika kati ya India na Bangladesh, Sen alikuwa mtoto wa miaka tisa. Amesimulia kwamba babu yake alimpa kikopo cha sigara, akamruhusu akijaze mchele na kuwapa wenye njaa waliopita, ila kikopo kimoja tu kwa kila familia. Kikopo cha sigara. Watu wanaokadiriwa kufika milioni tatu walikufa. Na kilichomkaa yule mtoto ni kwamba miongoni mwa watu wa tabaka lake, darasani na nyumbani, hakuna aliyekufa.

Alipokuwa mtu mzima alirudi kwenye takwimu. Kila mtu alikuwa anajua sababu ya njaa: chakula kilipungua. Sen akapiga hesabu, na katika kitabu chake cha 1981 akaonyesha kwamba chakula kilichokuwapo Bengal mwaka 1943 kilipungua kwa takriban asilimia 5 tu chini ya wastani wa miaka mitano iliyotangulia, tena kilikuwa juu ya kile cha 1941 kwa asilimia 13. Na 1941 hakukuwa na baa la njaa. Chakula kilikuwapo. Bei ilipanda kwa sababu ya vita, na kibarua wa shamba, mvuvi, kinyozi wa kijijini, ujira wao ukashindwa kuifukuzia. Mtu alikufa akiwa hana haki ya kukipata chakula kilichokuwa mbele ya macho yake. Wapo waliombishia kwamba takwimu za mavuno za wakati ule si za kuaminika, na mabishano hayo yana uzito. Lakini tazameni kilichotokea: baada ya Sen, hata anayempinga hawezi tena kusema “chakula kilipungua” akanyamaza. Lazima aseme kilipungua kwa nani. Swali limebadilika. Mtu aliyebadilisha swali hafutiki kwa kukosolewa jibu.

Bengal hiyohiyo ilizaa makala nyingine. Mwishoni mwa 1971, mamilioni ya wakimbizi wakiwa wamekimbia vita vya Bangladesh, Peter Singer, kijana wa Australia, aliandika makala fupi iliyochapishwa 1972. Anasema: napita kando ya kidimbwi, naona mtoto anazama. Kumwokoa kutanichafulia nguo. Nani atasita? Basi, kama umbali haubadilishi kitu, kwa nini nasita kwa mtoto aliye mbali ambaye naweza kumwokoa kwa gharama ndogo vilevile? Kila mwaka wanafunzi hutafuta tundu katika hoja hiyo. Wengine hulipata, kisha hawakubaliani lilipo. Maandiko mengine ya Singer, sina hakika. Kidimbwi kitabaki.

Kwa sababu hiyohiyo nampa nafasi mwanafalsafa Thomas Nagel na popo wa makala yake ya 1974. Tujue kila kitu kuhusu ubongo wa popo na mwangwi wake, bado tutakuwa hatujajua kuwa popo kukoje. Sina la kuongeza. Fumbo la sentensi moja, na kila atakayedai kwamba mashine yake inahisi atalikuta limeketi mlangoni.

Mwanasheria Kimberlé Crenshaw nimemfikiria sana, maana neno alilolibuni 1989, “intersectionality”, yaani ubaguzi wa aina zaidi ya moja unaomkuta mtu mmoja kwa pamoja, limetumika mpaka limechujuka, na mara nyingi umaarufu huzuia jambo kudumu. Kisha nikarudi kwenye makala yenyewe. Inaanza na kesi. Wanawake watano weusi wa Marekani waliishtaki kampuni ya magari ya General Motors kwa ubaguzi, na mwaka 1976 mahakama ikawakatalia. Kwa jinsia hawakuwa na kesi, kwa kuwa kampuni iliajiri wanawake, weupe. Na kuunganisha madai mawili, la rangi na la jinsia, mahakama ikasema sheria haijatoa dawa ya aina hiyo. Crenshaw akatumia picha ya njia panda: gari linaweza kukugonga likitokea upande huu au ule, au yote mawili kwa pamoja, na ukiwa umelala katikati hakuna barabara inayokubali kwamba ajali ni yake. Wanasiasa wakishachoka na lile neno, wanasheria bado watakuwa wanaisoma kesi. Kwa hiyo nimemwacha kwenye orodha.

Mahmood Mamdani wa Uganda naye, kwa kitabu chake cha 1996 kuhusu dola ya kikoloni iliyomfanya mmoja raia na mwingine mtu wa kabila, namweka kwa wino, si kwa penseli. Achille Mbembe wa Kameruni kwa penseli. Wapenzi wake mtanisamehe, ananishinda uandishi, lakini bado natafuta kile ambacho adui yake hawezi kukikwepa.

Najua nani hawamo. Hawamo wale ambao simu zenu zinawaleta kila asubuhi, wanaozungumza saa tatu mfululizo juu ya kila kitu na hakuna hata mmoja anayewaandikia barua kama ya Russell. Wana wafuasi mamilioni. Eucken pia alikuwa nao wa kutosha. Na kuna mmoja ambaye ninamhisi bila kumjua, mwanamke au mwanamume, ambaye saa hizi amelielekezea mgongo darasa lenye watu watatu.

Yule meja mstaafu hanitoki akilini. Carnap tunamsoma mpaka leo, na rafiki yake anajulikana kwa jina. Meja, katika masimulizi hayo, ni meja tu. Aliingia darasani kwa kupenda, akakaa, akatazama mistari ikichorwa, pengine akaenda zake kula. Alikuwa mmoja wa watu watatu duniani waliokuwa mahali penyewe mwaka ule.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimesikia mtu ameguna kule nyuma nilipomtaja Chomsky, na dada mmoja hapa kushoto alitikisa kichwa niliposema Mbembe kwa penseli. Kipaza sauti hiki hapa. Tuanze na aliyeguna.